Ukuta wa Arusha, kilima cha Old Moshi

Ukitoka Mnara wa Saa pale Arusha ukaifuata Barabara ya Boma, hata jasho halijakutoka unafika kwenye majengo meupe ya mawe yaliyouzunguka ua wa nyasi. Ndilo Boma la Wajerumani, ambalo tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wanafunzi huletwa kwa mabasi kuona wadudu na wanyama. Wageni hupiga picha langoni, wakaenda zao. Mimi nikiingia huanza na dirisha. Naulaza mkono kwenye kizingiti cha chini, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na mkono wote unaenea juu ya ukuta. Nje jua la saa nane linawaka, lakini jiwe ni la baridi kama sakafu ya msikiti.

Ukuta mnene hivi ulijengwa kumzuia nani? Hajengi hivi mtu anayeogopa wezi wa usiku, wala mtu anayetaka tu ofisi ya kuandikia kodi. Jibu la swali hilo haliko Arusha. Liko kilomita 80 hivi mashariki, juu ya kilima cha Old Moshi, na ndiyo maana naamini maboma haya mawili hayaeleweki mpaka yasomwe pamoja.

Kwanza tuondoe kosa moja linalorudiwa sana, hata na baadhi ya waongoza watalii. Husemwa kwamba "boma" ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya utawala wa Waingereza ng'ambo. Si kweli. Neno ni letu, na lilikuwa midomoni mwa Waswahili kabla Mwingereza hajaweka ofisi yoyote Tanganyika. Boma ni ua, uzio, ngome. Boma la miti, boma la miiba ya kulazia ng'ombe, boma la mawe la kujihami. Wajerumani walilikuta njiani kwenye misafara, wakalichukua kwa sababu ndilo lililoeleza walichokuwa wanakijenga. Kisha likapanda cheo. Boma likawa serikali yenyewe, na mpaka leo wawili wakioana mbele ya mkuu wa wilaya, bila padri wala shehe, tunasema wamefunga ndoa bomani. Wao nao walituachia shule, na ile sarafu yao ndogo ya heller ikawa hela. Lakini boma tuliwakopesha sisi.

Na wala hawakuwa wa kwanza kujenga boma la mawe katika nchi hii ya Mlima Kilimanjaro. Horombo, mangi (yaani mtawala wa Kichagga) wa Keni, kule Rombo, alijenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na ngome ya mawe iliyosifika mlima mzima. Wachagga walijenga kwa ajili ya vita vya Wachagga kwa Wachagga, na kwa ajili ya Wamasai waliopanda kutoka tambarare. Wapanda mlima wanaolala kambi ya Mandara usiku wa kwanza na ya Horombo usiku wa pili wanalala kwenye majina ya watawala hao. Mandara ni jina jingine la Mangi Rindi wa Moshi, na kwake ndiko habari ya kilima chetu inakoanzia.

Rindi hakuwa na nchi kubwa kuliko wenzake. Alikuwa na akili ya kuwatumia wageni. Kikao chake kilikuwa juu ya mgongo wa kilima, kwenye migomba na mifereji ya maji, mahali ambapo misafara ya kutoka pwani ilipata chakula na hewa isiyo na mbu wengi. Walipofika Wajerumani akatia saini mkataba na Carl Jühlke mwaka 1885, akaamini amepata rafiki mwenye bunduki dhidi ya Sina. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani wakagawana eneo lote kwa makubaliano yao wenyewe, na Kilimanjaro ukaangukia upande wa Wajerumani. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa ni ngano tu. Mpaka ulipindishwa mezani, kwa hesabu za watu wazima.) Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake mpaka Berlin. Februari 1891 Hermann von Wissmann akaivunja ngome ya Sina kule Kibosho, huku watu wa Rindi wakiwa upande wa mshindi. Mwaka huohuo Rindi akafa, akamwachia kiti mwanawe Meli, kijana bado.

Hapa ndipo unene wa ule ukuta wa Arusha unapoanza kupata maana. Juni 1892 jeshi la kikoloni chini ya Albrecht von Bülow lilipanda Moshi kumwadhibu Meli. Likapigwa. Von Bülow mwenyewe alijeruhiwa akafa. Wapiganaji wa Meli walikuwa na bunduki, tena walikuwa na ardhi: makorongo, migomba minene, vijia ambavyo mgeni hawezi kuvijua. Wajerumani wakakimbia mlima kwa muda. Hata wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Moshi walitiwa lawama kwamba ndio waliomtia Meli jeuri, wakalazimika kuondoka, na nafasi yao ikachukuliwa na Waluteri wa Leipzig. Ilibidi Gavana Friedrich von Schele aje mwenyewe na jeshi kubwa, Agosti 1893, ndipo Meli akashindwa.

Aliyeshindwa mara moja hajengi tena kama zamani. Baada ya 1893 boma la Moshi lilijengwa juu palepale kwenye nchi ya Meli, chini ya Kapteni Kurt Johannes, na wilaya nzima ya Kilimanjaro ikatawaliwa kutoka kilimani hapo. Walichagua kilima kwa sababu zilezile alizochagua Rindi, maji, hewa na kuona mbali, na juu ya hizo wakaongeza ya kwao: mangi atazamwe kila asubuhi, naye aone bendera isiyo yake.

Ukisimama Old Moshi siku isiyo na ukungu, tambarare yote ya kusini iko miguuni mwako, kavu na yenye rangi ya vumbi, na milima ya Upare imesimama upande wa kusini mashariki. Msafara uliotoka pwani ungeonekana zamani kabla haujafika. Mgongoni una mlima, na pande mbili una makorongo. Fundi wa ngome akipewa mahali kama hapo, nusu ya kazi amekwisha kufanyiwa na Mungu.

Nusu iliyobaki ni ya mawe, na mpango wake ni rahisi kuueleza. Boma la Kijerumani la aina hii ni ua wa mraba au mstatili uliozungushiwa kuta, na vyumba vimeegemezwa kwenye kuta hizo kwa ndani: ofisi, ghala la silaha, mahabusu, vyumba vya maofisa. Madirisha yanayotazama nje ni machache na membamba, ila yanayotazama uani ni makubwa, tena mara nyingi yana baraza. Kwenye pembe, hasa pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, hujengwa mnara au kibanda kinachotokeza nje ya mstari wa ukuta. Wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kwamba askari mmoja aliye kwenye pembe anaweza kupiga risasi kuufuata ukuta wa kulia na pia ukuta wa kushoto, kwa hiyo pembe mbili tu zinalinda pande zote nne, na hapana mahali chini ya ukuta ambapo adui anaweza kujibanza. Boma lenye watu wachache na bunduki ya rashasha moja linaweza kukabili mamia ya watu. Paa nalo lilitakiwa lisishike moto, ndiyo maana mabati yalipendwa kuliko makuti au nyasi, ambazo mshale mmoja wenye moto ungezimaliza usiku mmoja.

Maboma hayakufanana yote. La Mikindani la 1895 na la Bagamoyo la 1897 yana madaha ya pwani, maana yalijengwa kwenye miji iliyokuwa na mafundi wa chokaa na matumbawe kwa karne nyingi, na mtawala alitaka kuwashangaza watu waliozoea majumba mazuri. Huku bara mlimani madaha yalikuwa machache. Boma la Arusha ukilitazama vizuri halijaribu kumpendeza mtu yeyote.

Na sasa tufike Arusha. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wakitaka kuanza misheni. Vijana wa Kimeru na Waarusha waliwavamia usiku wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Johannes akashuka kutoka boma la Moshi na askari wake na wapiganaji wa Kichagga, akachoma nyumba, akafyeka migomba, akaswaga ng'ombe kwa maelfu. Msafara mmoja wa adhabu haukutosha, ikafuata mingine. Tukisimulia habari hii tusiikwepe sehemu inayouma, kwamba Old Moshi ilitumika kuipiga Meru. Uadui wa zamani kati ya nchi za milima miwili uligeuzwa silaha ya mtu wa tatu.

Kutawala Meru kwa mbali kulikuwa na gharama, kwa hiyo kati ya 1899 na 1900 lilijengwa boma jipya chini ya Mlima Meru. Aliyelisimamia alitoka Moshi, na hofu ya 1892 alikuja nayo. Ndiyo maana ukuta ni mnene.

Waliolijenga ni Waarusha na Wameru walewale waliokuwa wameshindwa. Mawe, mbao na chokaa vilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu ambao mazao yao yalikuwa yamechomwa na ng'ombe wao wamekwenda. Ujira haukuwa suala. Kiboko ndicho kilichokuwa suala. Waliopitia utawala ule walituachia msemo wa hamsa ishirini, yaani viboko 25, kipimo cha adhabu kilichojulikana koloni zima. Kijana wa moran aliyelelewa aone kazi ya kubeba mizigo kuwa si yake alilazimishwa kusomba jiwe la kumfungia yeye mwenyewe. Nikiweka mkono juu ya kizingiti kile, hilo ndilo ninalolifikiria. Vitabu vya wageni mara nyingi husema "Wajerumani walijenga boma". Kwa Kiswahili tunaweza kusema kweli zaidi bila kuongeza hata neno: Wajerumani walijengesha boma.

Boma la Arusha likiwa bado mbichi, kilima cha Old Moshi kikafanyiwa jambo ambalo hakijalisahau. Zilienea habari kwamba mangi wa Kilimanjaro na viongozi wa Meru na Arusha wanapanga njama ya kuwainukia Wajerumani kwa pamoja. Simulizi nyingi za Uchaggani, na waandishi walioichunguza habari hii, wanamtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa alizikuza habari hizo kwa faida yake. Johannes alizipokea, kesi ikaendeshwa haraka. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Old Moshi. Walikuwamo Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na Lobulu wa Meru. Wazee husimulia kwamba Meli alikaa muda mrefu kamba shingoni kabla ya kukata roho.

Nilipopanda kule mara ya kwanza nilitokea Kiboriloni, njia inayopinda-pinda kati ya kahawa na migomba. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta boma, au unatafuta mti?"

Sikujua la kujibu. Nilikuwa nimekuja na boma kichwani, na michoro ya kuta na pembe zake kwenye daftari. Yeye akanielekeza kwenye mti, mahali pa kunyongea. Njiani nikaelewa kwamba kwa wenyeji wa kilima hiki majengo ya Wajerumani ndiyo habari ndogo. Arusha kuta zimebaki nzima, na wapitao hawajui ni za nini. Old Moshi mtoto wa darasa la tatu anajua tarehe.

Boma la kilimani lilinyang'anywa cheo na reli. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Mombo 1905, na ilipofika 1911 ikasimama mwisho wake, kilomita 352 kutoka baharini, chini kwenye tambarare, mita 800 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Garimoshi haliwezi kupanda migongo ile. Basi penye stesheni pakaota maghala, maduka ya Wahindi, ofisi, na mwisho serikali yenyewe ikashuka. Mji mpya ukachukua jina la Moshi, na Moshi ya Rindi na Meli, iliyokuwa na jina hilo kabla ya yeyote, ikaanza kuitwa Moshi ya Kale, Old Moshi. Ni jambo la ajabu ukilifikiria: jina lilitelemka mlima likaacha wenyewe juu.

Hapo ndipo unapoona pia kwamba hofu ilikuwa imekwisha. Mtawala aliyehamia tambarare, mahali pasipo na makorongo wala cha kujifichia, hakuwa anaogopa tena shambulio la usiku. Kodi ya nyumba iliyoanza 1898, rupia tatu kwa kila nyumba, pamoja na mashamba ya walowezi yaliyohitaji vibarua, zilimfanyia kazi ambayo zamani ilifanywa na ukuta.

Waingereza waliichukua Moshi na Arusha Machi 1916. Hawakuwa na haja ya kujenga upya; waliingia kwenye maboma ya adui wao, wakabadilisha bendera, wakaendelea kukusanya kodi mezani palepale. Boma la Arusha likawa ofisi za serikali kwa miongo mingi, hata baada ya Uhuru, mpaka likawa makumbusho. Wala mfano huu si wa Arusha peke yake. La Mikindani leo ni hoteli, na jengo la Iringa lililojengwa kama hospitali ya Wajerumani lilikuwa boma la utawala kisha makumbusho. Jengo imara halichagui bwana.

Mimi si katika wanaosema majengo haya yabomolewe. Ningependa yatunzwe, chokaa ipakwe kwa wakati, mabati yasivuje. Ila ningependa pia mtoto anayeshuka kwenye basi la shule pale Barabara ya Boma, kabla hajakimbilia kuona wanyama, asimamishwe kidogo ukutani aambiwe nani alilibeba jiwe hili, na kwa nini aliyelibebesha alikuwa na hofu kiasi kile. Na kama shule ina uwezo, basi hilohilo liendelee mpaka Kiboriloni, lipande kilimani.

Juu kule kuna jambo ambalo halijakwisha. Kichwa cha Meli kilikatwa, na wazee wa Old Moshi wanaamini kilipelekwa Ujerumani. Ni imani yenye msingi: katika miaka ile Felix von Luschan wa Berlin alikuwa akikusanya mafuvu kutoka makoloni, na watafiti wa siku hizi wamechunguza mafuvu takribani 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa mji ule. Mjukuu wa Meli alidai kwa miaka mingi kirudishwe, akatoa hata sampuli ya vinasaba vyake. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vimeoanisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai hapa kwetu. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikuwamo.

Mzee wa dukani alinieleza hilo tukiwa tumesimama chini ya mti, naye akanieleza pia kwa nini ni kichwa wanachokidai, na si mifupa tu. Zamani Mchagga alizikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa kwa heshima, likawekwa kwenye kichaka cha ukoo, katikati ya masale, pamoja na ya baba zake. Kisha akaninyooshea kidole mahali masale yanapoota, majani marefu ya kijani yaliyosimama wima.